Kentucky ni ya tisa kwenye orodha. Je, shabiki mgeni ategemee kombe?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, naishi Lexington, Kentucky, mwaka wa tatu sasa. Kazini kwetu ghalani tangu Septemba hakuna hadithi nyingine ila mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Wenzangu wanasema timu imesajiliwa kwa mamilioni, iko nafasi ya tisa kwenye orodha ya nchi nzima, imemfunga namba moja wa nchi, na kombe la Aprili 2026 ni letu. Wananisukuma niweke dola 100. Halafu wiki hii, mwishoni mwa Oktoba 2025, tumefungwa nyumbani na Georgetown, na walewale waliokuwa wakitamba wanataka kocha afukuzwe kabla msimu haujaanza. Shabiki mgeni kama mimi ategemee nini hasa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Dola 100 ziache mfukoni. Tangu 2023 kucheza kamari ya michezo ni halali katika jimbo lenu, kwa hiyo sikukatazi kwa sheria, nakukataza kwa hesabu. Nitakupa hesabu yenyewe, lakini kwanza nikupe jibu uliloniomba.

Mimi naitegemea Kentucky ya msimu huu wa 2025-26 ipoteze mechi 8 au 9 kabla ya Machi, ipangwe nafasi ya 3 au ya 4 kwa ubora katika kanda yake (kundi moja kati ya manne) kwenye mashindano ya taifa, na ifike hatua ya 16 bora. Ikivuka hapo, shangilia kwa sauti yote. Ikitoka mapema zaidi, una haki ya kununa. Ikifungwa mara tatu kabla ya Krismasi, usiniandikie barua. Hilo nalitegemea tangu leo.

Sasa hesabu. Mashindano ya taifa ya Machi 2026 yanachukua timu 68, na ni mtoano mtupu: ukifungwa mara moja unafungasha virago. Hakuna mechi ya marudiano, hakuna magoli ya ugenini, hakuna msururu wa mechi saba kama NBA, ligi ya kulipwa. Bingwa lazima ashinde mara sita mfululizo. Chukua timu nzuri sana, yenye uwezekano wa asilimia 80 wa kushinda kila mechi inayocheza. Zidisha 0.8 kwa yenyewe mara sita. Unapata asilimia 26. Maana yake timu hiyo nzuri sana, ukiichezesha mashindano manne, itakosa kombe matatu. Na asilimia 80 ni ukarimu mkubwa, kwa sababu kuanzia hatua ya 16 bora wapinzani ni vigogo wenzako. Ukishusha hadi asilimia 70, kombe linakuwa asilimia 12 hivi. Kentucky ninavyoiona leo haijafika hata hapo. Wenzako wakikubali kukulipa dola 1,500 kwa kila dola 100 utakayoweka, tuzungumze upya. Nadhani wanataka kukulipa 100 kwa 100.

Hiyo nafasi ya tisa wanayoringia inatoka kwenye orodha ya shirika la habari la Associated Press, ambayo waandishi wa michezo huipigia kura Oktoba, kabla mpira haujadunda. Wanachoangalia ni majina, rekodi za mwaka jana na umaarufu wa chuo. Si upuuzi, mara nyingi inatenganisha timu kubwa na ndogo vizuri tu. Lakini kuitumia kutabiri bingwa ni jambo jingine. Msimu wa 2022-23 North Carolina walianza wakiwa namba 1 na hawakuitwa hata kwenye mashindano, jambo ambalo halikuwahi kumpata namba 1 wa Oktoba tangu mashindano yapanuliwe kufikia timu 64 mwaka 1985. Msimu huohuo UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) hawakuwemo kwenye orodha ya 25 za mwanzo, wakachukua kombe. Mwaka jana namba 1 wa Oktoba alikuwa Kansas, akatolewa raundi ya kwanza, tena na Arkansas ya John Calipari, kocha wenu wa zamani. Florida walioanzia nafasi ya 21 ndio waliobeba kombe, wakiwafunga Houston 65-63 kwenye fainali kule San Antonio.

Tuje kwenye mechi zenu mbili za kirafiki, maana ndizo zilizochafua hewa huko ghalani. Tarehe 24 Oktoba mliwafunga Purdue 78-65. Purdue ni namba 1 wa orodha, kwa hiyo watu wakapanda dari. Siku sita baadaye mkafungwa 84-70 na Georgetown, chuo cha Washington ambacho hakimo kwenye 25 bora, palepale kwenye ukumbi wenu wa Rupp Arena. Mechi zote mbili haziingii kwenye rekodi. Makocha huzitumia kujaribu vikosi, kumpa kijana dakika ambazo Machi hatazipata, kuangalia nani analinda nani. Kama ya Purdue haikuwa dalili ya kombe, basi ya Georgetown nayo si dalili ya msiba. Lakini kuna kitu kimoja cha kweli kwenye mechi zote mbili: Kentucky ilicheza bila Jaland Lowe na bila Jayden Quaintance. Kwa maoni yangu msimu mzima umesimama juu ya bega la yule wa kwanza na goti la huyu wa pili.

Lowe ndiye pointi gadi, yaani anayebeba mpira na kuongoza mashambulizi. Ametoka Pittsburgh, ambako msimu uliopita alikuwa na wastani wa karibu pointi 17 kwa mechi. Kazi yake si kufunga tu. Timu ya kocha Mark Pope hucheza kwa pasi nyingi na mitupo mingi ya pointi tatu, na mtupo mzuri wa tatu huzaliwa pale mtu mmoja anapompita mlinzi wake, akavuta wawili, akatoa pasi nje. Mtu huyo kwenye kikosi hiki ni Lowe. Bega lake la kulia liliteguka katikati ya Oktoba kwenye mechi ya mazoezi ya wao kwa wao. Bega lililoteguka mara moja huwa tayari kuteguka tena, kila mchezaji wa kikapu anajua. Akikaa nje, mpira unabebwa na Denzel Aberdeen, aliyekuja kutoka Florida akiwa na medali ya ubingwa mkononi. Ni kijana mzuri, ila kule Florida alikuwa akitokea benchi, na kuongoza timu ni kazi ya namna nyingine.

Quaintance ana miaka 18 tu, na tayari ameshacheza msimu mmoja Arizona State, ambako alikuwa akizuia mitupo zaidi ya miwili kwa kila mechi. Mapema mwaka huu kano ya goti ilikatika, akafanyiwa upasuaji. Hakuna anayejua kwa hakika atarudi lini na atarudi vipi. Mashabiki wengi wanamhesabu kana kwamba yumo. Mimi simhesabu hadi nimwone akiruka mara mbili mfululizo chini ya kikapu bila kulishika goti. Pengo lake kwa sasa linazibwa na Brandon Garrison na Malachi Moreno, kijana mrefu kama sentimita 213 aliyekulia Georgetown. Usichanganye: hiyo ni Georgetown mji jirani yenu kaskazini mwa Lexington, si chuo kilichowafunga. Moreno alichaguliwa mchezaji bora wa shule za sekondari za jimbo zima mwaka huu, na utaona watu wa huko wanamshangilia kwa sauti ya pekee. Mvumilie. Senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, akiwa mwaka wa kwanza hukosea mengi hadi Januari.

Aliye mzima na wa uhakika ni Otega Oweh. Mwaka jana aliongoza timu kwa pointi 16.2 kwa mechi, akaingiza jina kwenye usajili wa NBA, akalitoa, akarudi. Waandishi wa SEC, ligi yenu ya vyuo, wamemtabiria kuwa mchezaji bora wa ligi. Mpe mpira akiwa anakimbia na hazuiliki. Mpe akiwa amesimama, mlinzi amekaa mbele yake, na mashaka yanaanza. Mouhamed Dioubate kutoka Alabama ataleta ubabe kwenye ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) na ulinzi, na hapo ndipo ninapoiona nia ya Pope. Timu ya mwaka jana ilifunga kama mvua lakini ilivuja nyuma. Safari hii amesajili wanaokaba. Bei yake ni kwamba wapiga tatu wa kuogopwa wamepungua. Koby Brea ameondoka, na Jaxson Robinson vilevile. Ukiona Desemba mpinzani amerudi nyuma kujaza eneo la chini ya kikapu na anawaachia Kentucky watupe kutoka mbali, ujue amesoma kikosi kama nilivyokisoma mimi.

Kuhusu mamilioni. Ni kweli, habari zimetaja dola milioni 22 kwa kikosi hiki, na wenzako wanaona fedha hiyo ni risiti ya kombe. Waulize wapinzani wanatumia nini. Tangu Julai mwaka huu, baada ya maridhiano ya mahakamani kati ya wanamichezo na chama cha michezo ya vyuo, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi kama dola milioni 20.5 msimu huu wa 2025-26 kwa michezo yote, juu ya mapato ya matangazo ambayo mchezaji huyapata mwenyewe. Vyuo vyote vikubwa vimeingia sokoni. Fedha imewaingiza Kentucky kwenye chumba cha matajiri. Imepandisha hasira za mashabiki pia, kwa sababu zamani ukifungwa na mtoto wa miaka 19 ulimwonea huruma, sasa unakumbuka mshahara wake.

Unatoka Lubumbashi, kwa hiyo nitashangaa kama humjui Oscar Tshiebwe. Alizaliwa huko 1999, akaja Marekani akiwa kijana wa sekondari, akaanzia chuo cha West Virginia, kisha akahamia Kentucky. Msimu wa 2021-22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akatajwa mchezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Machi Kentucky ikapangwa nafasi ya 2 katika kanda, ikakutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopangwa nafasi ya 15. Oscar alifunga 30 na kuchukua ribaundi 16. Kentucky ikafungwa 85-79 kwenye muda wa nyongeza.

Kisha akafanya jambo ambalo mchezaji bora wa nchi ni nadra kulifanya siku hizi: akarudi mwaka mwingine. Ungekuwepo Lexington Oktoba 2022 ungesikia tambo hizihizi unazozisikia sasa, neno kwa neno. Mchezaji bora yumo. Nafasi ya 4 kwenye orodha. Kombe la tisa njiani. Januari wakafungwa nyumbani 71-68 na South Carolina, timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi, na shabiki mmoja akatolewa ukumbini kwa kunyanyua bango la kumwomba Calipari aende Texas. Machi wakashinda mechi moja, dhidi ya Providence, ambapo Oscar alichukua ribaundi 25, ndiyo, ishirini na tano, halafu Kansas State wakawatoa kwa 75-69. Rekodi ikafungwa kwa ushindi 22 na vipigo 12. Oscar hakuwa ameshuka. Alikuwa na pointi 16.5 na ribaundi 13.7. Waliomzunguka ndio waliobadilika, wachezaji wawili wakuu wa nafasi ya gadi waliumia kwa nyakati tofauti, na wapinzani walishajua namna ya kumvuta kwenye ulinzi mbali na kikapu, mahali asipopapenda. Nakusimulia haya kwa sababu mwaka huu jina la Oweh linatumika vilevile: mchezaji bora amerudi, basi tunaanzia pale tulipoishia. Hamuanzii pale. Katika kikapu cha vyuo hakuna timu inayoanzia ilipoishia.

Wenzako usiwaone wendawazimu, hata hivyo. Kentucky haina timu ya NBA wala ya ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, kwa hiyo mapenzi yote ya jimbo yamemwagika kwa chuo. Wana makombe 8: manne chini ya Adolph Rupp, ambaye ukumbi umepewa jina lake, mwaka 1948, 1949, 1951 na 1958, kisha 1978, 1996, 1998 na 2012. Mzee wa miaka 65 kazini kwenu amekuwa akionja kombe takribani kila kizazi cha utu uzima wake, kisha ghafla ukame. Mwaka 2015 walifika hatua ya nne bora wakiwa wameshinda mechi 38 bila kupoteza hata moja, Wisconsin wakawafunga 71-64, na tangu siku ile hawajarudi hatua hiyo. Miaka kumi. Mwaka 2024 wakatolewa raundi ya kwanza na Oakland, ambapo kijana mmoja, Jack Gohlke, alitumbukiza mitupo kumi ya pointi tatu. Wiki chache baadaye Calipari akaondoka kwenda Arkansas na akaletwa Pope, nahodha wa kikosi cha ubingwa wa 1996. Mtu aliyesubiri hivyo akisikia "nafasi ya tisa" hasikii takwimu, anasikia adhana.

Ndiyo maana kigezo changu ni mwaka wa kwanza wa Pope, si mwaka 2012. Alikuta ukumbi wa kubadilishia nguo umebaki mtupu, akajenga kikosi kizima upya. Waandishi wa ligi walimpa nafasi ya 8. Akawafunga Duke 77-72 Novemba, akawafunga Florida ambao baadaye walikuwa mabingwa, akawafunga Tennessee mara mbili. Halafu Lamont Butler akaumia bega, Robinson akaumia mkono hadi msimu wake ukaisha, na bado akafika 16 bora, ambako Tennessee wakalipiza kwa 78-65. Jumla ushindi 24, vipigo 12. Katika ligi, 10 kwa 8. Wenzako wanaokumbuka mechi ya Duke waulize kama wanazikumbuka hizo nane.

Na zitakuja tena, kwa sababu ligi yenyewe, SEC, imekuwa msitu. Ina vyuo 16, na Machi iliyopita 14 kati yake viliitwa kwenye mashindano ya taifa, idadi ambayo hakuna ligi iliyowahi kuifikia. Kila mmoja anacheza mechi 18 za ligi. Hakuna Jumamosi ya kupumzika. Kupoteza sita au saba humo ni kazi ya heshima.

Ratiba ya kabla ya hapo nayo haina huruma. Msimu unafunguliwa Jumanne, tarehe 4 Novemba, dhidi ya Nicholls. Hiyo ni ya kuwapasha misuli. Wiki moja baadaye, tarehe 11, ni Louisville, ugenini. Louisville wako nafasi ya 11 kwenye orodha, na wewe umekulia katikati ya uhasimu wa soka wa Mazembe na Lupopo, sihitaji kukueleza kitakachotokea mitaani. Tarehe 18 ni Michigan State jijini New York. Tarehe 2 Desemba North Carolina wanakuja Rupp, siku tatu baadaye Gonzaga kule Nashville, kisha Indiana tarehe 13, kisha St. John's tarehe 20 mjini Atlanta. St. John's wanafundishwa na Rick Pitino, aliyewapa Kentucky kombe la 1996 na aliyekuwa kocha wa Pope mwenyewe. Katika mechi hizo sita nawapa ushindi mara tatu. Kama Lowe atakuwa nje mfululizo, mbili.

Unapozitazama, acha ubao wa matokeo kidogo uangalie mambo mawili. La kwanza, mpinzani anafunga mara ngapi bila kuguswa karibu na kikapu? Kama ni nadra hata siku mnapofungwa, mradi wa Pope wa ulinzi unashika na Februari mtakuwa tishio. La pili, dakika tano za mwisho mpira uko mkononi mwa nani? Oweh peke yake akidunda huku wanne wamesimama wakimtazama, hiyo ni ile timu isiyo na pointi gadi niliyokueleza juu, na dola milioni 22 hazitamfundisha mtu kutoa pasi ambayo haijazoeleka kwake.

Kuanzia katikati ya Februari tazama tena. Hapo rekodi ina maana, majeruhi wamejulikana, na wewe utakuwa na jibu bora kuliko langu la leo. Kabla ya hapo, kama unataka kuchagua siku moja ya kuomba ruhusa kazini, chagua Jumamosi ya tarehe 31 Januari. Kentucky inakwenda Fayetteville, nyumbani kwa Arkansas ya Calipari, ambaye msimu uliopita alikuja Rupp, akazomewa, akaondoka na ushindi wa 89-79. Hiyo hata dola 100 zikiwa mfukoni utaitazama umesimama.